Kanga ya Saa Kumi

Enzi zetu kule Mugango, kando ya ziwa, mtoto asiyetulia hakupelekwa kwa daktari. Alipewa jina la utani, kisha akatumwa mbali ili wenzake wapumue. Mimi niliitwa Furu, kwa sababu ya wale samaki wadogo wa kwenye mawe ambao ukiingiza tu mkono majini wameshaondoka. Nilitumwa maji, kuni, chumvi kwa jirani, na mara nyingi nilirudi mikono mitupu, nimesahau nilichotumwa, ila nikiwa na habari kamili ya nani kavua nini na mbuzi wa nani kazaa mapacha.

Wa rika langu mnakumbuka. Mchakamchaka asubuhi umande ukiwa bado kwenye nyasi, dumu la maji mkono huu, ufagio mkono ule. Mchezo wa rede mpaka gauni la shule linachanika kwapani, kisha unatembea umebana mkono siku nzima ili mama asione. Michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, ikichemshwa, tukaila na karanga tukiwa tumekaa juu ya mawe yenye joto la jua. Harufu ya dagaa walioanikwa ilituingia mpaka kwenye nywele, na hakuna aliyejali maana wote tulinuka hivyo hivyo. Watoto wa siku hizi chaji ya simu ikikaribia kuisha wanahema kama wagonjwa. Sisi tulishinda kutwa na kipande kimoja cha muhogo mbichi, na jioni tulikuwa bado tunakimbizana.

Shuleni nilikuwa mtihani kwa walimu. Mwalimu wetu wa darasa la nne aliniweka dawati la mbele, akanihamishia la nyuma, mwishowe akanipa kazi ya kugonga kengele ili angalau niwe na sababu ya kutoka nje. Kengele yetu ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti. Mara mbili niligonga saa isiyo yake, na shule nzima ikaenda nyumbani. Wenzangu walinipenda sana wiki ile.

Aliyeniweza alikuwa mama. Kila siku saa kumi, nikisharudi shule na kula, aliniita uani. Alichukua kanga yake moja kuukuu, akafunga pindo moja kiunoni kwangu na jingine kiunoni kwake. Mimi nilitandika daftari juu ya kigoda, yeye akaweka ungo mapajani na kubangua karanga. Akili yangu ikianza kutoroka, hakunigombeza. Aliivuta kanga kidogo tu, nami nikarudi kwenye mstari. Nilimaliza darasa la saba hivyo, na nikafaulu.

Kisa hicho nimekisimulia miaka mingi. Nilikisimulia kwenye harusi ya binamu yangu kule Butiama, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kila mara nilimalizia kwa kusema kwamba sisi tulilelewa, hatukumeza vidonge.

Nililisema hilo kabla Mungu hajanipa Rhoda. Huyu ni binti yangu wa mwisho, yuko kidato cha pili, na ni mimi mtupu. Nina kibanda cha cherehani hapa Nyakato, hii ya kwetu si ile ya Mwanza, kazi inayonifaa kwa sababu miguu haitulii kutwa. Rhoda hana cherehani. Ana daftari zenye kurasa zilizoanzwa na kuachwa, na ripoti za shule zilizokuwa zikisema neno lilelile kila muhula: hazingatii. Mwisho tulipanda basi hadi Mwanza, kwenye hospitali kubwa. Daktari alimpima siku mbili, akatuuliza maswali mengi, akaandika dawa ya kumeza kila asubuhi ya shule.

Sitaki kusema uongo, dawa ilifanya kazi. Mwezi wa pili wa kuimeza, mwanangu aliandika insha akaimaliza. Niliisoma pale kibandani nikalia mbele ya mteja.

Hofu ilinianza asubuhi moja alipoondoka bila kumeza. Alikuwa ameshafika karibu na shule alipokumbuka, akarudi mbio mpaka nyumbani, akakosa jaribio zima la hesabu. Nilimuuliza kwa nini hakuingia tu afanye hivyo hivyo. Akaniambia, "Mama, bila ile dawa mimi nakuwaga kama sipo." Maneno hayo yalinikaa kifuani. Nilimwona akilini akiwa mtu mzima, ana watoto wake, na bado anakimbilia kichupa cha vidonge. Nikajiuliza kama nimemtibu mtoto au nimemfunga.

Basi likizo ilipofika nikafanya la kwangu. Nilikwenda naye Mugango kwa mama, na kichupa nikakiacha makusudi kwenye droo ya cherehani. Alipokiulizia nikasema nimesahau. Niliamini ziwa, michembe na hewa ya kwetu vitamfanyia kama vilivyonifanyia mimi.

Siku tatu za kwanza nilijiona mwenye akili kuliko daktari. Rhoda aliogelea, alicheka, alijifunza kucheza mdako na bibi yake. Siku ya nne alifungua kazi za likizo. Nilimwona akiandika tarehe, akifuta, akiiandika tena. Alipoonekana amechoka, mama akamwambia apumzike, aangalie dagaa wake waliokuwa wameanikwa, mvua ikija aite watu. Wingu lilitoka ziwani mchana kweupe, kila mtu akaliona isipokuwa Rhoda, aliyekuwa amefuata kundi la ndege. Dagaa wote waliloa. Nilimkuta ameinama pale ufukweni akiwaokota mmoja mmoja, analia, anajiita mjinga.

Mama aliwaacha dagaa walivyo. Aliniita jikoni, akaniuliza dawa iko wapi. Uongo niliomwambia Rhoda nisingeweza kuurudia kwa mama yangu, nikamweleza yote, na hofu yangu yote.

"Wewe umesahau," aliniambia. "Hiyo kanga ulikuwaga unaniletea mwenyewe. Kuna wiki nilienda msibani Bunda, narudi nakuta daftari jeupe, hujaandika hata mstari. Niliogopa kweli. Nikasema huyu mtoto nimemharibu, ataolewa na kanga kiunoni."

Nilimuuliza alifanyaje, maana kwenye simulizi zangu zote hofu yake haikuwamo.

"Nikaunga kanga ya pili. Wewe ukakaa mlangoni, mimi hapa jikoni. Baadaye nikaunga ya tatu. Siku moja nikafungua kwangu, nikaiweka chini, wewe unaendelea kuandika tu. Ila sikuondoka, mwanangu. Na siku zote ulizoihitaji, sikuwahi kukufichia hiyo kanga."

Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona hata nilipogonga kengele kimakosa. Nilikwenda ufukweni nikamwambia Rhoda ukweli kwamba sikusahau. Alininyamazia mpaka tukarudi Nyakato, na nilistahili. Kisha nilimpigia daktari. Alinisema kwa upole, lakini alinisema. Alieleza kwamba hofu yangu si ya kijinga, na muda wa kupunguza dawa ukifika tutapunguza pamoja, polepole, yeye akiangalia, Rhoda mwenyewe akijua. Nilimuuliza kama ataimeza maisha yake yote. Akajibu kwamba hajui, na hataki kunidanganya.

Kwa hiyo hofu yangu bado ninayo. Lakini nimeacha kusimulia kile kisa harusini. Nilikuwa nasifia kanga na kumsahau mwanamke aliyefungwa upande wa pili, aliyekaa uani miaka mitatu na ungo mapajani wakati kazi za nyumba zinamsubiri. Enzi zile mama zetu walikuwepo saa kumi. Sisi wa leo saa kumi tuko vibandani, tuko kazini, tuko kwenye simu, na mtoto yuko nyumbani na kidonge chake.

Sasa Rhoda anameza dawa yake asubuhi na uji wa ulezi, na saa kumi mimi nafunga kibanda. Anasoma mezani, mimi nakaa kiti cha pembeni na ungo, nabangua karanga. Kanga sijamfunga, angenicheka mpaka mtaa mzima ujue. Mwanzoni nilidhani hata haoni kama nipo.

Juzi simu iliita, mteja wa sare za kwaya, nikainuka ili nikaongee nje nisimsumbue. Rhoda hakuinua kichwa, wala kalamu haikusimama.

"Mama," alisema, "usiende."

Nikakaa. Simu ikaita mpaka ikachoka.