Mbuta Dhidi ya Papa, Sebuleni kwa Wakwe

Nilipoenda kujitambulisha kwa wakwe zangu Homa Bay, niliagizwa jambo moja tu: ninyamaze. Baba mdogo, ambaye ndiye tuliyemchagua kuwa msemaji wetu, alinipa agizo hilo tukiwa bado Suna, kwetu Migori, mlangoni pa duka langu la rangi na misumari.

"Wewe ukifika pale, mdomo yako ni ya kupumua tu," alisema. "Kuongea ni kazi yangu."

Ndivyo desturi ilivyo. Mwanamume anayetafuta mke hukaa kwenye kiti kama mtungi, wazee wakamsemea. Akiropoka, watu wa kwao msichana watasema huyu hana wazee, amejileta mwenyewe. Kwa hiyo nilikubali. Shida ni kwamba baba mdogo hajawahi kufunga mdomo wake kwa faida ya mtu yeyote. Ni mtu mwema, atakupa shati alilovaa, lakini akisikia watu wanakubaliana anahisi kuna kitu kimeharibika. Tulimchagua kwa sababu baba yangu alishafariki, na ndugu zake waliobaki wote wana haya.

Na mimi yule msichana nilimtaka kweli. Alifanya kazi kwenye duka la dawa karibu na langu, na siku ya kwanza tulipokutana alikuja kununua rangi ya mlango akaniambia rangi ninayomwuzia siyo ile iliyochorwa kwenye mkebe. Nilibishana naye hadi nikasahau kufunga duka. Tangu siku hiyo nilijua nikimkosa huyu nitaishi vibaya.

Kwao ni Wasabato. Sisi ni Wakatoliki. Tulishasumbuana sana kuhusu siku ya ziara, kwa sababu Jumamosi yao haiguswi na Jumapili yetu ina misa. Mwishowe tukaelewana Jumapili mchana. Tukaenda misa ya kwanza, mimi, baba mdogo na wale ndugu zake wenye haya, na padre akahubiri kama mtu aliyeambiwa tuna haraka.

Tukiwa garini, tumeshapita Rongo, ndipo nilipoona katoni miguuni pa baba mdogo, imefungwa kwa kamba, inanuka moshi.

"Hiyo ni nini?"

"Zawadi ya wakwe. Mumi ya kukaushwa. Mafuta tupu!"

Nilikosa pa kuanzia. Kwanza, mtu anatoka Migori kupeleka samaki Homa Bay, kwa watu waliozaliwa wakisikia mawimbi. Pili, mumi ni yule samaki wa ndevu, mwenye ngozi laini isiyo na gamba hata moja, na kila mtu ukanda huu anajua Msabato hali samaki asiye na magamba na mapezi. Biblia imemkataza.

"Baba, hawa watu hawali mumi."

"Wanakataa kamongo," alinijibu bila wasiwasi. "Kamongo nayo ni kama nyoka, hata mimi naielewa hiyo. Lakini mumi? Hiyo wanakataa wakiwa kanisani tu."

Nilitamani kuirusha ile katoni nje. Sikuirusha, kwa sababu baba mdogo ndiye msemaji wangu, na msemaji aliyenuna ni hatari kuliko msemaji aliyekosea.

Baba mkwe alitupokea vizuri. Ni mzee mrefu wa kisiwani Mfangano, aliyevua ziwani ujana wake wote kabla ya kuhamia bara na kuwa mzee wa kanisa. Aliketi na kofia gotini. Pembeni yake alikaa dada yake, yaani shangazi wa msichana, mama mnene mwenye macho ya kuchunguza. Mama mkwe alikuwa jikoni, nasi tukisikia sufuria tu, kwa kuwa mkwe na mama mkwe hawakodoleani macho ovyo. Msichana mwenyewe alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, akisubiri kuitwa. Tulipewa soda. Nilipoulizwa ninakunywa gani, baba mdogo akajibu, "Huyu anakunywa nyekundu," na mimi siipendi nyekundu.

Baada ya maombi, baba mdogo akasimama, akasifu nyumba, akasifu barabara, akasifu hata upepo, kisha akaikabidhi katoni. Shangazi akaifungua. Akatazama ndani, akamsogezea kaka yake. Mzee akainua mumi mmoja kwa mkia, akamgeuza upande huu na upande ule kwa heshima kubwa.

"Jaduong', hii samaki iko na magamba?" alimwuliza baba mdogo kwa upole, akimpa heshima ya kumwita mzee.

Mtu mwenye akili angeomba radhi hapo hapo. Baba mdogo alivuta pumzi.

"Haina, jaduong'. Lakini iko na nguvu. Unajua, huko baharini, samaki zote zenye nguvu hazina magamba."

Nikafumba macho.

"Nani amekwambia?" mzee aliuliza, akimrudisha mumi kwenye katoni.

"Papa! Papa haina gamba hata moja, na ndiyo mfalme ya bahari yote. Mimi nimekaa Likoni, nikijenga nyumba za watu. Hiyo papa nimeiona na macho yangu."

"Uliiona ikipigana?"

"Niliiona sokoni."

"Ikiwa hai?"

"Ikiwa imekauka. Na chumvi."

"Basi kuna mtu aliishinda," alisema mzee, akavaa kofia yake.

Shangazi akacheka hadi kiti kikalia. Ningependa kusema mambo yaliishia hapo tukaingia kwenye mazungumzo ya ng'ombe kama watu waliostaarabika. Lakini mzee alikuwa ameshaonja utamu wa ubishi. Alisogeza kiti mbele, akatangaza kwamba Mungu hawezi kumpa ufalme mnyama aliyemwita najisi, na kwamba ukimchukua mbuta mmoja wa ziwa hili, mbuta wa kweli, mzito kuliko mwanamume, ukamtia baharini, hao papa wangetafuta pa kulala.

"Mbuta iko na magamba, iko na mapezi," alisema. "Na mnajua ilifanya nini hapa? Ilikuja kama mgeni. Ikakaribishwa. Leo uliza samaki zilizokuwa hapa kabla yake ziko wapi." Halafu akatutazama sisi wageni mmoja mmoja, akamaliza na mimi.

Nikainua ile soda nyekundu, nikanywa.

"Maji ya chumvi itaiua hata kabla vita ianze," alisema baba mdogo.

"Chumvi imeua samaki lini? Chumvi inaiweka vizuri."

"Yawa! Inaiweka vizuri ikiwa imekufa!"

Mzee akaleta samaki wa upanga, ambaye alimwona kwenye kalenda ya kanisa. Baba mdogo akauliza huo upanga anaushika kwa mkono gani. Kisha akajaribu ujanja: akasema basi achukue mamba, maana mamba ana magamba tele, mzee atamkubali. Mzee akajibu kwamba mamba ana magamba lakini hana mapezi, na sheria inataka vyote viwili. Kiboko naye akakataliwa na pande zote mbili. Anakula nyasi, walisema, huyo ni ng'ombe aliyepotea.

Shangazi akaona anaachwa nyuma. "Nyinyi mnasahau maandiko," alisema. "Yona alimezwa na nani? Huyo ndiye mkubwa wao."

"Na huyo alikuwa na magamba?" baba mdogo aliuliza haraka.

"Alikuwa nayo," alisema mzee. "Mungu hawezi kuweka nabii wake kwenye tumbo chafu."

"Kama tumbo ilikuwa safi, kwa nini alimtapika?"

Sufuria za jikoni ziliacha kulia. Mzee wa kanisa ameulizwa kuhusu matapishi ya Yona, nyumbani kwake, na mtu aliyekuja kuomba binti. Nilimkanyaga baba mdogo mguu. Akaniangalia kwa mshangao kama mtu anayekanyagwa bila sababu.

Mzee akainuka polepole.

"Jaduong'," alisema, na upole wote ulikuwa umemtoka, "mimi naona watu wa papa waende watafute binti ya papa."

Kutoka mle ndani bila kupokelewa maana yake ni kurudi mwakani, ukirudi, na wazee wengine, na aibu ileile. Kinywa changu kilikuwa kimejaa maneno: samahani baba, mumi ni kosa letu, papa si kitu kwetu, hatuna undugu na papa. Nikayameza yote. Shangazi ndiye aliyeniokoa. Alimvuta kaka yake shati.

"Hujamwuliza msichana," alisema. "Huwezi fukuza watu kabla msichana aseme kama anawajua."

Hiyo nayo ni desturi, na mzee hakuwa na njia ya kuiruka. Msichana huitwa mbele ya wote, anaulizwa kama anawajua wageni. Akisema hawajui, mambo yamekwisha. Mzee akaketi, akatazama pazia.

"Aje."

Akaja. Alikuwa amevaa gauni la kijani, amesuka upya, na alikuwa anauma mdomo wa chini ili asicheke, kwa kuwa bila shaka alisikia kila kitu. Hakunitazama. Alisimama mbele ya baba yake, mikono mbele.

"Nyathina, mtoto wangu," mzee alianza, "kuna swali ya desturi. Lakini kabla ya hiyo kuna ingine. Kati ya mbuta na papa, nani anashinda?"

Nilielewa mara moja tulikofika. Akisema mbuta, wazee wangu wameaibika. Akisema papa, amemwaibisha baba yake mbele ya wageni, na mzee aliyeaibishwa hatoi binti. Baba mdogo aliinama mbele, viwiko magotini.

"Baba," alisema msichana, "mbuta ni samaki mvivu. Nimekuambia hiyo tangu nikiwa darasa la tatu."

Baba mdogo akapiga paja kwa furaha. Msichana akamgeukia.

"Na wewe baba, papa yako haiwezi kusimama. Ikisimama inakufa. Mbuta anajificha tu kwa majani, anangoja papa achoke."

"Si nilisema!" mzee alipaza sauti.

"Hukusema, baba. Wewe ulisema magamba. Magamba inasaidia nini? Kaa akikushika mkia utamwonyesha magamba?"

"Kaa! Kaa ni mdudu!"

"Mdudu wa kukukata. Halafu pweza je? Iko na mikono nane. Mbili inashika mbuta, mbili inashika papa, zingine inakula."

"Pweza haina mfupa hata moja!"

"Ndiyo maana huwezi mvunja!"

Walikuwa wamesogeleana bila kujua. Mzee alikuwa amevua kofia tena na alikuwa anaitikisa hewani. Msichana alikuwa anahesabu hoja kwa vidole, akimkatiza, akikatizwa, wote wawili wakicheka kwa sauti moja, kicheko kilekile cha puani. Hakuna aliyetukumbuka. Jikoni nilimsikia mama mkwe akisema kwa uchovu, "Wameanza," na mfuniko ukarudishwa juu ya sufuria. Nilikuwa nimeshazoea kufikiri kwamba yule msichana alianza kubishana siku aliyokuja dukani kwangu. Kumbe kuna mtu alimfundisha, akamnoa miaka na miaka, ili awe na mtu wake wa kupambana naye kila jioni.

Mzee alikuwa katikati ya sentensi kuhusu pweza alipoishiwa. Mkono wenye kofia ukabaki juu. Alimtazama binti yake, halafu akatutazama sisi, na nikamwona akikumbuka tumekuja kufanya nini.

Akashusha mkono.

"Unawajua hawa watu?" aliuliza.

"Nawajua, baba."

"Unawajua vizuri?"

"Vizuri."

Shangazi alianza kukunja leso ambayo haikuhitaji kukunjwa. Baba mdogo, nampa sifa hiyo, hakusema neno.

"Basi mlete chakula," mzee alisema hatimaye, na jikoni mtu akapiga kigelegele. Nilikuwa nimepokelewa. Nilitaka kumkumbatia kila mtu mle ndani, pamoja na mumi.

Hapo ndipo mzee aliponigeukia mimi.

"Na huyu anaongea?"

Baba mdogo akanipa ruhusa kwa kidevu. "Naongea, baba," nilisema.

"Haya, niambie wewe. Nani anashinda?"

Alikuwa amejiweka sawa kitini, kofia tayari mkononi, macho yanang'aa. Nami nikamtazama yule mzee aliyenipa mke, nikaona nafasi ya kumlipa heshima yake yote mara moja.

"Mbuta, baba," nilisema. "Hata mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo. Mbuta kabisa."

Mzee alinitazama kwa muda. Macho yakazimika. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa chai isiyo na sukari ambaye hataki kumsumbua mwenye nyumba, akaiweka kofia mezani, akamgeukia binti yake.

"Utakuwa unanipigia simu," alimwambia. "Sabato ikiisha. Hata kama sijasema kitu, we nipinge tu."