Ugali wa Malaba

Kazi yangu hapa Nakuru ni kushughulikia karatasi za forodha za malori. Madereva wote niliwaambia: nitumieni picha za karatasi mapema, nizipitishe mkiwa bado barabarani. Mmoja tu, mzee wa Mai Mahiu, alikataa. Karatasi zake alikuwa anazificha chini ya kiti mpaka afike mpakani Malaba, kisha anakaa foleni siku tatu akijipikia kando ya lori.

Siku moja nilichoka naye. Aliposimama hapa kuweka mafuta, nilipanda kwa kebini, nikazichomoa karatasi na kuzipiga picha mwenyewe.

"Mzee, huu mchezo umeisha."

Alicheka, akaenda kununua unga na mboga ya sukuma ya siku tatu kama kawaida.

Kesho yake alinipigia simu akifoka. Alikuwa amefika Malaba, akawasha jiko, akabandika maji. Kabla hayajachemka, askari akamjia: gari limepitishwa, songa mbele, unafungia wengine njia.

"Madam, umeniharibia ugali!"

Mpaka leo sijamwomba msamaha.