Mkono Uliobaki Kwenye Kadi Yangu

Watu wenye akili timamu hukusanya kadi za besiboli zilizo safi. Mimi hukusanya zilizoharibika. Kadi zenyewe ni vipande vya karatasi ngumu, vyenye picha ya mchezaji mbele na habari zake nyuma; zamani sana Wamarekani walikuwa wakizipata ndani ya pakiti za chingamu. Ya kwangu lazima iwe na kasoro. Labda wino wa bluu umeruka, au mchezaji ana vichwa viwili kwa sababu karatasi ilipita kwenye mashine mara mbili. Hata mabaki nayachukua, pembe iliyochanika, ukanda uliopunguzwa ukatupwa. Nyumbani kwetu Irving, Texas, tuna masanduku mengi ya viatu kuliko viatu. Mke wangu ni nesi, amezoea kutupa kila kilichokwisha kutumika, na ameapa kwamba nikifa atanizika ndani ya sanduku mojawapo.

Ugonjwa huu nilitoka nao Thika. Kabla ya kuja huku nilifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchapa, kwenye mashine ya kukatia karatasi, yenye kisu kirefu kama kitanda cha watu wawili. Nilikata madaftari, kadi za harusi na ratiba za mazishi, nadhani za nusu ya nchi. Huko kosa lilikuwa balaa. Kisu kikiteleza unene wa kucha tu, msimamizi alikuita kwa sauti iliyohamisha njiwa kwenye paa.

Nikafika Texas, nikapata kazi ya kupakia mizigo uwanja wa ndege, nikasoma masomo ya jioni mpaka nikapata cheti, ambacho kiko sebuleni kwenye fremu kubwa kuliko televisheni. Siku moja mwenzangu kazini akanionyesha kadi iliyokatwa kombo, ameihifadhi kwenye plastiki kama mboni ya jicho. Niliigeuza mbele na nyuma. Kumbe kuna nchi ambako kosa la mkataji linatunzwa kama yai!

Kadi niliyoipenda kuliko zote niliipata Arlington, kwenye ukumbi ambako wakusanyaji hukutana. Mchezaji wangu amesimama ametulia, gongo begani. Lakini kadi yenyewe ni pana kupita kawaida, na kwenye ukingo wa kulia unatokea mkono wa mtu mwingine, kuanzia kiwiko, umevaa glavu, unataka kudaka mpira. Nilijua papo hapo kilichotokea. Kadi huchapwa nyingi kwenye karatasi moja kubwa, kisha hukatwa. Kisu kilishuka upana wa kidole mahali ambapo hakikutakiwa. Jirani akakatwa mkono, wangu akabaki nao.

Mkono huo ulinipandisha cheo. Kabla yake, pale ukumbini watu walikuwa wakiniuliza sabuni ya chooni imewekwa wapi. Baada yake, wazee wenye kofia walinivutia kiti. Mwisho wakaniambia kwamba kwenye maonyesho ya mwezi unaofuata nitapewa meza yangu mwenyewe, meza ya makosa matupu, na kadi ya mkono katikati. Meza yangu! Niliwatangazia watu wa kanisa, watu wa kazini, na polisi aliyenisimamisha barabarani kwa kukimbiza gari.

Wiki hiyohiyo tulikuwa na harusi Houston. Asubuhi nikaingia kwa kinyozi wa huko, mzee Mkongo mwenyeji wa Bukavu. Sabuni iko shingoni, wembe uko chini ya sikio, nikainua macho. Kwenye pembe ya kioo imechomekwa kadi nyembamba. Mchezaji ameruka juu, amenyoosha mkono kudaka, na mkono umeishia kwenye kiwiko.

Nilipiga kelele ambayo nina hakika ilisikika mpaka mji wa Galveston.

"Papa! Unataka nikukate masikio?" kinyozi akaruka. Kwao Papa ni bwana.

"Huyo! Mkono wake ninao mimi!"

"Uko na mukono ya nani?"

Nikatoa simu, nikamwonyesha picha ya kadi yangu, tukaikuza, tukaiweka ubavuni mwa yake. Kingo zililingana. Kulikuwa na tone la wino mwekundu lililopasuliwa na kisu, nusu kwake, nusu kwangu. Mzee aliketi kwenye kiti changu, mimi nikabaki nimesimama na povu.

"Miaka kumi na moja," akasema. "Bateja banauliza kila siku, mukono yake iko wapi? Huyu namwambia, ilikulwa na mamba. Yule namwambia, aliiacha kwa bibi ya pili. Nimechoka kudanganya, Papa."

Nikamwomba kadi. Akakataa. Akaniomba yangu. Nikakataa kwa kasi zaidi. Ndipo akaniambia kwamba mwisho wa mwezi anafunga duka lake, anahamia Kanada kwa binti yake, na mtu wake wa kwenye kioo anakwenda naye. Nilihudhuria harusi ile nimenyolewa upande mmoja vizuri na upande mwingine kwa mawazo, na keki sikuisikia ladha.

Jumapili tukampitia shangazi wa mke wangu, mjini DeSoto. Mama huyu hajawahi kukosa posa hata moja ya Wakenya tangu atue Dallas. Nilipomaliza kueleza, aliweka kikombe chini.

"Kwa hivyo uliingia kwa watu, wewe na simu yako, ukaomba mtoto wao? Bila wazee? Bila sukari?"

"Shangazi, ni kadi."

"Ni mtu. Nimemwona kwa picha, ana viatu. Na ni nani huposa akinyolewa?"

Jumamosi iliyofuata tulikuwa barabarani, sisi watatu, na mchele, sukari, majani ya chai na leso mbili mpya.

"Nime-drive masaa manne kwenda kuposa karatasi," mke wangu alikuwa akisema kila baada ya daraja. "Nikiulizwa kazini wikendi ilikuwaje, niseme nini?"

"Sema umeenda kwa wakwe," Shangazi akamjibu kutoka nyuma.

Tulifika nyumbani kwa kinyozi wakati wa chakula cha mchana. Mke wake alifungua mlango, akaziona leso mikononi mwa Shangazi, akaelewa yote bila kuambiwa. Akafunga mlango. Ikabidi tupige hodi upya, kwa adabu, mara tatu, ndipo tukakaribishwa kwa vicheko na sahani za sombe, yaani kisamvu, na samaki.

Shangazi alisimama. Alisema tulikuwa tukipita tu, tukaona kijana wao kwenye kioo. Kwetu kuna mwenzake ambaye hali, halali. Tunaomba wakae nyumba moja. Mke wa kinyozi akazipapasa leso, akauliza kama mchele ni ule mrefu. Mambo yalikuwa yakienda vizuri hata nikaanza kuipanga meza yangu kichwani, kadi mbili katikati, bega kwa bega, wazee wa kofia wamepiga foleni mpaka Fort Worth.

Kinyozi akafuta mikono.

"Mama, nakuheshimu sana," akamwambia Shangazi. "Lakini munaleta posa, huku mumeshika mukono ya mutoto wetu kwa mufuko."

Mke wangu ndiye aliyecheka wa kwanza. Msaliti.

"Na sikilizeni," mzee akaendelea. "Kadi ya Papa siitaki. Arudi nayo. Nataka mukono tu."

Nilimweleza kama mtu anavyomweleza jambazi. Nikamwambia kadi yangu ina thamani kwa sababu ya ule mkono. Nikiukata, kosa limekwisha, inabaki kadi kama maelfu mengine, na hakuna anayepewa meza ya kadi za kawaida.

"Ikikuwa ya kawaida, iko mubaya?"

"Si mbaya. Lakini…"

"Miye nilivuka mipaka tatu mbele ya kufika hapa. Kila mupaka niliacha kitu nyuma. Huyu nataka avuke muzima."

Hakusema kwa huzuni. Alisema huku akinisogezea samaki. Nikamgeukia mke wangu.

"Usiniangalie," akasema. "Ni yako."

Ningependa kusema nilimfikiria mzee. Nilifikiria meza. Niliifikiria mpaka sombe ikapoa. Kisha nikaitoa kadi kwenye plastiki yake, nikautazama ule mkono, umenyooshwa kuufuata mpira miaka yote hiyo na hauna mtu, na nikajikuta nikiwaza mahali ambapo mstari sahihi ungepita. Nikauona. Mtu aliyewahi kuwa mkataji huuona tu, hata kama hataki.

"Niletee rula," nikasema. "Na wembe ambao haujamnyoa mtu."

Kinyozi alifungua pakiti mpya. Mke wake akageuza ubao wa kukatia mboga, akaupangusa mara mbili. Nikailaza kadi, nikashikilia rula kwenye mstari. Nikabana pumzi. Nikakata mara moja, bila kurudia, kama nilivyofundishwa.

Ukanda uliachana na kadi, mwembamba kama utambi wa taa. Mzee aliuokota kwa ncha ya kitana chake, akausogeza kwenye kadi yake taratibu. Kiwiko kikapata mkono. Lile tone jekundu likawa duara. Mke wake akapiga vigelegele, Shangazi akavidaka, na jirani wa ghorofa ya chini akagonga dari.

"Voilà, ndiye huyu," kinyozi akasema kwa sauti ndogo. "Alikuwa anadaka kweli."

Alimbandika kwa selotepu kwa nyuma, akamtia katikati ya pasipoti yake.

Nilipowapigia simu wazee wa Arlington na kuwaeleza nilichofanya, mmoja alivua kofia, nilimsikia akiivua. Meza alipewa mtu mwingine, mwenye kadi zilizokosa wino mweusi. Nilikwenda hata hivyo, nikamsaidia kupanga, nikamweleza kila kasoro ilitokana na sehemu gani ya mashine, na kufikia saa nane mchana watu walikuwa wakiniuliza mimi, yeye ameenda kujinunulia soda.

Kadi yangu iko nyumbani. Nimeipima pembe zote nne na hakuna iliyokwenda kombo. Wageni wakija huitoa kwanza, kabla ya zile nyingine, nikawaambia waangalie ukingo wa kulia. Wanaangalia sana. Hawaoni kitu.

"Hapo hapo," nawaambia. "Hapo nimekata mimi."