Mawe ya Redio na Pedali ya Yaya

Mawe ya redio, yaani betri zake, yakianikwa juani huwa na harufu yake. Ni harufu ya karatasi iliyopata moto, ya bati, na ya kitu kichungu kidogo kama maji ya limau yaliyokaukia kwenye kisu. Nilipokuwa mtoto pale Kindu, miaka ya vita, harufu hiyo ilijaa mbele ya nyumba yetu kila adhuhuri. Treni ilikuwa imeacha kuja, karakana alimokuwa akifanya kazi Papa ilikuwa kimya, na mawe mapya hayakuonekana dukani isipokuwa mtu wa baiskeli ameyaleta kupitia msituni. Basi watu waliyatunza yale waliyokuwa nayo. Asubuhi Papa aliyatoa mawe sita ya redio yake kubwa, akayapanga juu ya kipande cha bati, akayageuzageuza kama mtu anayebanika samaki, na jioni akayarudisha. Jua huyaamsha kidogo mawe yaliyochoka. Hayawi mapya, lakini yanatosha kusikiliza habari kabla ya sauti kuanza kuzama.

Kaka yangu mkubwa aliitwa Ramazani. Mimi nilimwita Yaya, kama tunavyowaita kwetu wakubwa wetu wa kuzaliwa, wa kiume kwa wa kike. Alipiga gitaa la umeme katika kundi la mtaani lililochezea arusi na matanga, na kikuza sauti chao kilipata nguvu kutoka kwenye betri ya gari. Alasiri moja mchuuzi aliyetoka Punia aliegemeza baiskeli yake karibu na kwetu, akatandika gunia, akapanga sabuni, chumvi, nyembe, na kisanduku kimoja cha chuma chenye rangi ya chungwa, kina vifundo viwili vya kuzungusha na kitufe kikubwa cha kukanyaga. Alikuwa amekibeba njia nzima bila mtu kukiulizia.

“Hii njo inatia gitaa nguvu,” alisema alipoona macho ya Yaya yamekwama hapo.

“Nguvu ya namna gani?”

“Nguvu tu, ndugu yangu. Mimi niko mutu wa chumvi. Weye njo mwanamuziki.”

Yaya alimpa kuku mmoja, na yule mchuuzi, kwa furaha ya kuutua mzigo ule, akamwongezea kipande cha sabuni. Sijaona tena kitu kilichouzwa rahisi kama kile. Jioni Mama alimtafuta kuku wake, akaambiwa, akakitazama kisanduku kwa muda mrefu. “Mutoto huyu,” akasema, “amekula kuku yangu hata bila kuipika.”

Kwa msomaji ambaye hajawahi kusikia kifaa cha namna ile, nieleze kidogo. Gitaa la umeme hutoa sauti nyembamba, safi. Ikipitishwa kwenye kisanduku kile, ambacho wanamuziki hukiita pedali, sauti hujazwa kupita kiasi, kama kikombe kinachomiminiwa chai hadi inamwagika, na kule kumwagika ndiko tunakokusikia kama mkwaruzo. Ni sauti iliyopasuka kingo. Ziko nchi ambako wanamuziki huitafuta kwa hamu. Kwetu gitaa lilitakiwa kudondoka kama maji kwenye sufuria, tone baada ya tone, ili mguu wa mchezaji ujue pa kukanyaga. Siku Yaya alipokanyaga kitufe kile mbele ya wenzake, mazoezi yalisimama. Jumaine, rafiki yake mkubwa aliyekuwa akiimba na kupiga gitaa kidogo, alishika tumbo.

“Yo! Gitaa iko na kikohozi!”

“Mupeleke kwa munganga,” akadakia mwingine.

“Hapana, imemeza mwiba ya samaki.”

Yaya alicheka pamoja nao, lakini hakukiuza kisanduku. Kilihitaji betri ndogo ya mraba, na betri ya namna hiyo haikuwepo Kindu nzima. Ile ya gari ilikuwa na nguvu nyingi mno, aliogopa ingekiunguza. Siku moja akagundua kwamba mawe sita ya redio yakipangwa moja nyuma ya jingine huwa na nguvu ileile ya betri ya mraba. Tena pedali haina tamaa. Inakula kidogo sana. Mawe yaliyochoka kabisa, ambayo redio ya Papa ilikuwa imeyakataa, pedali iliyakubali. Yaya aliyafunga ndani ya mwanzi uliopasuliwa, akaunganisha nyaya, akawa anapigia nyuma ya nyumba peke yake, kwa sauti ya chini, nyimbo ambazo wenzake hawakuzitaka.

Kiangazi kilipokolea aliondoka na wanaume wengine, wakisukuma baiskeli zilizobeba mchele na mafuta ya mawese, kwenda upande wa Punia kutafuta vitu vya kuuza. Gitaa na pedali aliviviringisha kwenye kitenge cha Mama, akaviacha nyumbani. “Nikirudi, Papa, nitakuja na mawe mapya,” alisema. “Yako na yangu.” Wenzake walirudi wachache, bila baiskeli. Walisema risasi ziliwakuta kwenye kivuko, kila mtu akakimbilia msituni kwa njia yake. Hakuna aliyemwona Yaya akianguka, wala aliyemwona akiinuka.

Papa alikataa matanga. “Sikuona mufu,” alisema. “Siwezi kumulilia mutu mwenye pengine iko njiani.” Kila jioni aliinama juu ya redio wakati wa matangazo, saa ambayo yalisomwa majina ya watu waliopotezana na jamaa zao, sikio lake likigusa kabisa kitambaa cha spika. Mawe yaliendelea kuanikwa. Kwa muda mrefu niliamini kwamba Yaya yuko ndani ya mawe yale, na kwamba siku jua likiwa kali vya kutosha atasikika.

Kwa Mama haikuwa hivyo. Kwetu, kumlilia aliye hai ni kumwitia kifo, kwa hiyo asingeweza kulia nyumbani wakati mumewe anasubiri. Na mama aliyefiwa, matanga yakiisha, huwa hana sauti. Imekwishia kwenye kilio, na hivyo ndivyo watu wanavyomtambua na kumsogelea. Mama alikuwa na sauti safi, nyembamba, ambayo sokoni ilimtangulia kabla ya beseni lake la mchele. Sasa sauti hiyo ilibaki nzima, na majirani hawakujua kama wampe pole au wamsalimu tu. Basi akaanza kwenda kwenye matanga ya wengine. Wakati ule hayakukosekana. Alijitupa chini, akalia kwa ajili ya mabibi ambao hakuwahi hata kuzungumza nao. Watu walielewa, wakanyamaza, hadi siku mwanamke mmoja aliyefiwa na mama yake alipochoka.

“Mama Ramazani,” alimwambia mbele ya watu, “unalilia mufu yetu kupita sisi wenyewe. Huyu ni wetu. Wa kwako, umulilie kwako.”

Mama aliinuka, akakung'uta vumbi kwenye kitenge, akarudi nyumbani. Hakumsimulia mtu. Maneno yalimfikia Papa kwa njia nyingine.

Siku ya pili yake, mawe hayakuanikwa asubuhi. Papa alikaa na redio mapajani muda mrefu, kisha akaifungua mgongoni, akayatoa mawe yote sita. Yalikuwa bado hai. Jana yake tu tulikuwa tumesikia matangazo hadi mwisho. Alinituma nimwite Jumaine. Alipofika, alimkuta Papa ameshayafunga mawe kwenye mwanzi wa Yaya na kitenge kimefunguliwa.

“Papa, pedali inakula kidogo,” Jumaine alisema taratibu. “Hata yale yenye yalikufa yanatosha. Ramazani alikuwa anatia yale. Haya urudishe kwa redio.”

“Tia haya,” Papa akasema.

Kikuza sauti kililetwa, na alasiri ile, jua likiwa bado kali, Jumaine aliketi mbele ya mlango wetu na kukanyaga kitufe. Hakupiga wimbo wowote wa dansi. Sauti ilitoka imekauka, imepasuka kooni, kama ya mtu aliyekwisha kulia kila kilichokuwemo na bado hajamaliza. Hakuna aliyecheka. Niliona milango ya majirani ikifunguka. Mwanamke wa kwanza alikuja na mkeka, wa pili akaja na kuni kichwani, wanaume wakabeba viti, na hakuna aliyekuwa ametangaza msiba. Ndipo Mama akatoka ndani ameshika kichwa kwa mikono miwili, akaita jina la mwanawe, na sauti yake ikajiunga na ile ya gitaa hadi nikashindwa kuzitenganisha.

Leo mawe ya redio yamejaa kila kioski Kindu, na juu ya mabati ya nyumba kuna vibao vya jua vya kuchajia simu. Papa alifariki bila kutia mawe mengine kwenye redio yake. Iko kabatini, mgongo wazi. Pedali imeliwa na kutu, na mawe aliyoyatoa yamepasuka ndani ya mwanzi. Hivi karibuni mwanangu alinionyesha kwamba simu yake inaweza kulipatia gitaa sauti ileile, bure, kwa kugusa kidole. Alipoijaribu, Mama, aliyekuwa akipepeta mchele uani, aliacha kupepeta.

“Nani amefiwa?” aliuliza.

“Hakuna mutu, Bibi. Ni muziki tu.”

Aliuliza kwa ile sauti aliyotoka nayo kwenye matanga ya Yaya, iliyokauka, ambayo haikupona tena. Wajukuu wake huiigiza kwa upendo na kucheka naye. Wanaamini alizaliwa nayo. Nimejaribu kuwasimulia ile ya zamani, jinsi ilivyofika nyumbani kutoka sokoni kabla yake. Wananisikiliza kwa adabu. Nyumbani, walioijua pamoja nami walikuwa Papa na Yaya. Siku hizi, nikiitafuta akilini, mara nyingi nasikia hii ya sasa.