Mama Consolée na metre mia tatu ya pisti

Na tena musiniambie eti yule ni mama wa kukata majani tu! Jana ku parking ya moto, pikipiki zetu, nilisema, mukacheka, mumoja akanirushia: "Weye sasa umekuwa avoka wa kutetea nyasi." Sawa, mucheke. Siku ndege itaacha kutua hapa Lusangi tutaonana. Miye ni motari, barabara ya Kasongo na ya Salamabila naijua shimo kwa shimo, na nawaambia: kuna wagonjwa moto haiwezi kubeba.

Mama Consolée iko na miaka kumi na mbili ku kiwanja ya ndege. Kazi yake, wengi hamuijui juu saa ile anaifanya muko mungali mu blanketi. Kila Jumanne na kila Ijumaa, asubuhi, anavua viatu, anatembea pisti yote, pale ndege inakimbilia, miguu wazi. Hatua kumi, anasimama, anakandamiza kisigino mu udongo. Hatua kumi tena. Kisigino ikiingia, anapiga simu Bukavu: "Kapiteni, leo udongo iko laini, mubaki kwenu." Ikigoma kuingia, anasema neno moja tu: "Mukuje." Hakuna mashini, hakuna karatasi. Tangu aanze, hakuna ndege hata moja ilizama gurudumu. Kampuni inamuita ajenti. Wapiloti wanamuita Mama Kisigino, na iko anaitika.

Yeye mwenyewe hajapanda ndege hata siku moja. Nilimuuliza juu ya nini. "Nikiwa kule juu," akasema, "nani ataniambia udongo iko namna gani?"

Sasa mwaka jana, dada yangu Rehema, mimba ya miezi nane, damu ikaanza kutoka. Mvua ilikuwa imenyesha siku ine. Nilitaka kumufunga nyuma ya moto na kitambaa, kweli, ile akili ndiyo nilikuwa nayo. Mama Consolée akaninyang'anya funguo. Akatembea pisti saa kumi na mbili, kisigino ikaingia. Saa mbili, ikaingia kidogo. Saa ine akapiga simu: "Upande wa kushoto umekauka. Mutue kushoto, na musiende kuume hata kidogo." Wakatua kushoto, wakamubeba mpaka hospitali Bukavu. Leo mutoto wa Rehema, Esther-Divine, anatembea, anatupa sahani chini, anasumbua kila mutu. Namushukuru Mungu, na namushukuru ile kisigino.

Basi, tufike ku ile imeniwasha hasira.

Ijumaa iliyopita ndege ilitua vizuri, halafu mvua ikamwagika. Mama akatembea, akarudi, akasema, "Hamuruki leo." Wapiloti wawili wakabaki. Mukubwa ni Kapiteni Hervé, kichwa yote mvi. Kijana ni Yves, viatu inang'aa hata mu matope. Tukakaa ku jiko ya Mama Consolée, bugali, samaki na majani ya sombe mbele yetu, na wao wakaendelea na mabishano wametoka nayo Bukavu.

"Hii ndege ilianza kuruka baba yako hajaoa," Hervé akasema. "Na ingali inaruka."

"Ndiyo maana inakohoa, Kapiteni. Mwezi uliopita tulikaa chini siku kumi na moja juu ya piesi moja iliyovunjika!"

"Miaka si ugonjwa. Ukiiangalia vizuri, inakubeba. Mama yako akiwa muzee utamutupa?"

"Simutupi. Lakini simubebeshi watu kumi na saba mugongoni!"

Tukacheka mpaka Mama Consolée akaweka sufuria chini. Hervé pia akacheka, lakini kicheko haikufika mu macho.

Ni hivi: kampuni yao inapunguza. Mafuta imepanda, wasafiri wamekuwa wachache, wapiloti wane wamerudishwa nyumbani, viwanja viwili vimefungwa. Patron, mwenye kampuni, anataka kuacha ndege za zamani, akodi mbili mupya kwa mutu wa ng'ambo.

"Ya kukodi!" Hervé akatema mufupa wa samaki. "Uruke, usiruke, mwenyewe anangoja yake. Siku mukishindwa anakuja kuchukua ndege yake, na siye tunabaki na kofia."

"Kapiteni, hiyo siye motari tunaijua," nikaingia. "Moto ya patron, mvua inyeshe isinyeshe, jioni anasimama ku mulango kudai feza yake."

"Unaona? Hata kijana anaelewa."

"Anaelewa moto," Yves akasema. "Muulize kama anapenda moto mupya ao ile ya kusukuma."

Hapo alinikamata. Moto yangu naisukuma kila asubuhi, watu wote wanajua.

"Ndege si shida yangu," Hervé akasema pole pole. "Shida yangu ni wakubwa wetu. Mutu hajatua hata siku moja mu udongo, anakaa ku meza mu biro ya baridi, anachora musalaba juu ya jina la kiwanja. Hajui kule kuna nani."

 Mama Consolée akapangusa mikono mu kitambaa yake.

"Yves, mwanangu. Hiyo ndege mupya, ikitua, inaomba metre ngapi mpaka isimame?"

Yves akaangalia bugali. "Elfu moja na mia mbili, mama."

"Na yetu iko na ngapi?"

"Ku karatasi, elfu moja na mia mbili."

"Ku karatasi," mama akasema.

Kila mutu hapa anajua. Pisti yetu inaishia metre mia tisa. Mia tatu ya mwisho, upande wa kwenda Kabambare, iko chini ya muhogo na karanga. Udongo ile ni tambarare, haina visiki, na ndege ya zamani haifikagi pale. Mutu wa kwanza kupanda pale ni Mama Consolée mwenyewe, mustari mumoja wa karanga. Papa Asani akaona, akapanda. Mama yangu akaona, akapanda. Leo ni mashamba kumi na tatu.

Nikawaka. "Na nyiye wapiloti, munapita juu yake kila wiki, kwa nini hamukusema?"

"Hatukuwa na lazima nayo," Hervé akajibu. "Na ile karanga, kijana, tulikuwa tunaikula."

Halafu akatuambia yote. Mukaguzi wa kampuni anakuja Jumanne ya wiki kesho na kamba ya kupima. Metre ikipunguka, Lusangi inafungwa, na kazi ya ajenti inaisha.

Asubuhi nikamukuta Mama Consolée kule mwisho wa pisti, ameinama, anang'oa karanga yake.

"Mama, haijakomaa!"

"Najua. Ni miye nilipanda."

"Basi ungeanza na ya wengine!"

Akanyoosha mugongo, akaniangalia kama vile mutu anaangalia mutoto wake anayepiga kelele kanisani. "Nitaanzaje na ya wengine? Ni miye nilifungua njia, wakanifuata." Akaniwekea karanga mbichi mu mukono. "Kula kwanza. Utakasirika kisha."

Yves akafika, akavua viatu yake ya kung'aa na shati ya mistari ya cheo, akaanza kung'oa naye. Hervé akakaa chini kuchambua karanga, na mabishano yao ikaendelea palepale, ya mupya na ya zamani, mpaka saa sita, udongo ikakauka, wakaruka.

Miye nikaenda kwa mama yangu. Nikapiga kelele. Akapiga kelele kunishinda: "Muhogo yangu imebakisha miezi miwili tu, na weye hata kupalilia hujui!" Rehema akatoka mu nyumba, Esther-Divine mugongoni.  Akachukua jembe, akashika njia ya kiwanja. Mama akamuangalia akienda, akatukana kidogo kwa Kibangubangu, akamufuata.

Jioni ile shamba letu likaisha. Mama Consolée alikuja kujaza mashimo, akiyakanyaga moja moja. Mama yangu akamuletea maji ya kunywa, wakakaa wawili juu ya majani ya muhogo.

Sasa inabaki mashamba kumi na moja. Wenyewe nawajua wote. Siandiki majina juu ya heshima, ao tuseme juu Mama Consolée amenikataza. Tangu siku ile anakata majani ya pembeni peke yake, na ku shamba la mutu hagusi hata jani moja. Anapita, anasalimia, anaendelea. Nyiye munaitika salamu, na munarudi ndani!

Jumamosi hii, siku tatu mbele ya mukaguzi kufika, saa moja asubuhi. Weye mwenye shamba kule, kuja na jembe, ung'oe muhogo yako. Weye usiye na shamba, kuja na panga ya majani na miguu ya kukanyaga mashimo. Musimuache peke yake. Mukuje.