Maua ya Kambi ya Ndui

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya misitu ya Tabora, Bwana Miti, kama tulivyomwita ofisa wa misitu, hakuniuliza jina. Alinipa jani moja, akaniambia nilieleze bila kutumia neno "zuri". Nilikuwa nimetoka shule ya misheni ya Wamoraviani, mwandiko wangu ulisomeka, na sikuwa na sifa nyingine. Nilieleza kingo za lile jani, mishipa yake, na vinyweleo vilivyokuwa upande wa chini tu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia karani aniandike.

Ilikuwa miaka michache baada ya Vita ya Pili ya Dunia. Kazi yetu ilikuwa kukusanya mimea ya miombo: kuing'oa na mizizi yake, kuitandaza kati ya magazeti, kuibana kwa mbao mbili zilizofungwa mikanda, na kubadilisha magazeti kila siku mpaka ikauke. Ukichelewa, mmea huota ukungu, na Bwana Miti yule wa kwanza hakuwa mtu wa kusamehe ukungu.

Baada yake alikuja mwingine, mrefu, mpole, mwenye kikohozi. Huyu alipenda okidi kuliko miti aliyotumwa kuitunza. Kwao, nchi ya baridi, alikuwa akiotesha okidi wanayoiita kiatu cha bibi. Mdomo wake, yaani ile petali ya chini, umetuna na kufumba kama ncha ya kiatu. Mdudu huingia kwa juu na kulazimika kutokea nyuma, amebeba chavua mgongoni. Mmea huo hulala chini ya theluji miezi mingi, na usipolala hauamki vizuri. Alikuja na mizizi yake ndani ya kopo. Tuliipanda kivulini nyuma ya ofisi, tukawa tunaizungushia barafu tuliyoomba stesheni. Ilitoa majani mawili, ikafa.

Hakukasirika. Alichora ua lile kwenye daftari langu ili nilijue hata kama sitaliona maishani. "Usitazame rangi," aliniambia. "Rangi hudanganya. Tazama mdomo, kama umefumba au uko wazi."

Masika moja, tarishi kutoka Kaliua alileta habari kwamba magharibi ya huko, kando ya njia ya zamani ya misafara, kulikuwa na maua ya manjano yenye umbo la kiatu. Bwana Miti alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba okidi za kiatu hazijapata kuonekana Afrika. Hata hivyo tulipanda treni iliyofuata.

Kutoka Kaliua tulikwenda kwa miguu na wapagazi wawili, tukapumzika kijiji cha mwisho. Bibi mmoja mzee alitupa maji. Nilimwamkia kwa heshima, naye akaniuliza kwa Kinyamwezi tunakokwenda. Nilipomweleza, aliweka kata chini. Alisema pale palikuwa kambi. Ndui ilipoingia katika msafara, wagonjwa waliachwa hapo, na wenzao wakawaambia wasubiri, watarudi kuwachukua. Hakuna aliyerudi.

"Mkipita, piteni tu," alisema. "Msikae nao."

Bwana Miti alikuwa ameketi pembeni akifunga viatu vyake. Kinyamwezi hakukijua hata neno. Aliponiuliza bibi anasema nini, nilijibu kwamba njia ina matope. Nilikuwa kijana wa misheni, nikaona aibu kumtafsiria. Wapagazi, waliosikia kila kitu, walitua mizigo na kukataa kuendelea. Tukaenda wawili, mwendo wa saa moja na nusu.

Tulifika adhuhuri. Miombo wakati wa masika ina kelele nyingi za ndege na wadudu, lakini pale hapakuwa na hata nzi. Maua yalikuwapo, ya manjano kweli. Hayakuota kwa vishada kama okidi za mbugani. Yalikaa kwa mistari, moja hapa, jingine hatua mbili mbele, kama watu waliolala ubavu kwa ubavu. Yote yalielekea mashariki, upande wa Tabora. Nilijiambia yanafuata jua, lakini jua lilikuwa utosini.

Bwana Miti alipiga magoti. "Ni kiatu," alisema.

Nilichukua kioo cha kukuzia, nikatazama. "Mdomo uko wazi, bwana."

"Tazama tena."

Nilitazama tena. Nilitamani sana uwe umefumba, kwa ajili yake. "Uko wazi, bwana."

Alianza kuchimba kwa mikono. Okidi za namna ile, eulofia, hujiongezea kiazi kipya kila mwaka kando ya kile cha zamani, hata chini ya ardhi vikawa mfuatano, na mwenye subira anaweza kuhesabu miaka. Alihesabu kwa sauti, akapita ishirini, akapita thelathini, na mfuatano bado ulizidi kuingia chini. Kati ya mizizi tukakuta ushanga mmoja wa buluu, wa kale. Hapo ndipo alipoanza kutetemeka.

Ilikuwa homa, na ilimwangusha upesi sana. Alijaribu kusimama mara mbili, akashindwa. Alinizidi kimo na uzito. Nilimbeba hatua chache tu, tukaanguka wote. Nilimwekea maji karibu na mkono.

"Nisubiri hapa," nilimwambia. "Nitarudi kukuchukua."

Maneno yalipokwisha kunitoka ndipo nilipoyasikia. Nilihisi mahali pote pamezidi kunyamaza, kama watu wanaosikiliza. Niliondoka mbio bila kutazama nyuma.

Kijijini wapagazi walikataa tena. Niliwabembeleza, nikawatisha kwa jina la serikali, haikusaidia. Aliyewafanya waondoke ni yule bibi. Aliinuka, akachukua fimbo yake, akasema, "Huyu bado yu hai," na akatangulia njiani. Waliona haya, wakafunga blanketi kwenye miti miwili kufanya machela, wakatufuata.

Tulimkuta Bwana Miti amelala chali ndani ya mstari, kati ya ua na ua, mikono imenyooka ubavuni, uso umegeukia mashariki. Macho yalikuwa wazi. Alinitazama muda mrefu, kama asiyeniamini.

"Wamesema hutarudi," alisema. "Wamesema kila mtu huahidi hivyo."

Wapagazi walimwinua, wakamlaza kwenye machela. Bibi alibaki nyuma kidogo, akayageukia maua, akazungumza kwa sauti ya kuomba radhi. Nilimsikia akisema, "Tunamchukua huyu mmoja tu."

Bwana Miti alilazwa Tabora wiki nyingi, akapona. Hatukuizungumzia siku ile hata mara moja. Alipotoka hospitali alifungua daftari la ofisi, akaandika kwa mkono wake: eulofia, mdomo wazi. Mwaka uliofuata alihamishwa, na mimi nikapelekwa Kaliua, baadaye Nzega, chini ya mabwana wengine, hadi Uhuru ukaja nikawa bwana miti mwenyewe.

Nimestaafu sasa. Vijana wanaosomea mimea huja kuniuliza nini kikubwa katika kazi yetu, nami huwaambia ni kibandiko: mmea usioandikwa mahali ulipotoka ni nyasi kavu tu. Sijawahi kuwaambia kwamba kibandiko cha ua lile tulilorudi nalo nilikiandika mimi, wakati bwana yuko hospitali, na mahali nilipoandika ni mbuga fulani, mbali kusini. Miaka ya baadaye wataalamu walilifuata huko, wakarudi mikono mitupu, wakalaumu uzembe wa ofisi ya zamani. Niliwaacha walaumu. Nimeandika vibandiko vingi visivyo na idadi, na huo ndio uongo pekee niliouandika.

Wale wa kambini walikwisha kuahidiwa mara moja. Sikutaka wasikie tena nyayo zikija, halafu zikiondoka.