Lenzi Shahidi na Rangi ya Kijani

Siku ya kwanza kazini sikupewa kazi. Nilipewa lenzi moja iliyofungwa kwenye kitambaa cheusi, nikaambiwa nikiipoteza nirudi kwetu Butiama nikachunge ng'ombe. Aliyenipa ni Mzee Salehe, fundi mkuu wa karakana ya miwani pale Musoma, mtu wa maneno machache. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Ujamaa, na msichana kwenye karakana alikuwa kituko. Watu walikuwa wanakuja dirishani kunitazama nikishika bisibisi.

"Nyamisi, hii ni lenzi shahidi," alisema. "Nguvu yake inajulikana, daipta mbili. Kila asubuhi, kabla hujapima lenzi yoyote, pima hii kwanza. Ikikupa jibu lingine, ujue meza yako inadanganya."

Nyie vijana mnabonyeza kitufe, mashine inawatemea namba. Sisi tulikuwa na meza yenye reli ya chuma iliyonyooka, ina alama za sentimita. Nyuma ya ncha moja ya reli kuna taa, na mbele ya taa kuna bomba linalonyoosha nuru isitawanyike. Kishikio cha lenzi kilifungwa upana wa kiganja kutoka ncha hiyo ya reli, na sifuri ilianzia hapo chini yake, si kwenye ncha. Mbele yake kibao cheupe kinatembea juu ya reli. Unakisogeza taratibu mpaka nuru ikusanyike iwe nukta kali. Ikikusanyika kwenye hamsini, lenzi ni daipta mbili. Ikikusanyika kwenye thelathini na tatu, ni tatu. Nukta ikiwa na mkia kama kiluwiluwi, lenzi hiyo imesagwa vibaya, weka kando.

Ilipofunguliwa karakana ndogo kwenye kituo cha afya Bunda nilihamishiwa huko, na ikabidi inunuliwe meza. Ofisa Vifaa alikuwa ameshapenda moja kwenye katalogi, ya aluminiamu, inang'aa, ina vikono kila upande.

"Wageni wakija waone tuna vifaa," alisema.

Mzee Salehe alimuuliza ina uzito gani. Ofisa hakujua.

"Nyepesi hiyo," mzee akasema. "Mtu akikohoa, nuru inahama. Mpe binti reli nzito, fupi, yenye skrubu zinazokaza. Hayo mengine mapambo."

Barua zilienda zikarudi, zikaenda tena, mpaka nikachoka kuuliza. Mwishowe ikaja ya chuma, nyeusi, sura mbaya. Niliipenda kupita kiasi.

Kisomo cha watu wazima kilipopamba moto, kila kijiji kilikuwa na darasa, na kila darasa lilikuwa na wazee walioitwa wagumu wa kichwa, kumbe ni macho tu. Mama yangu alikuwa mmoja wao, kule Butiama. Alitaka kitu kimoja: asome mwenyewe barua za kaka yangu aliyekuwa jeshini. Zilikuwa zinasomwa na karani wa kijiji, na karani yule alizisimulia kilabuni kabla jua halijazama. Mtihani ulikuwa karibu, na mwalimu alishamwambia asipofaulu safari hii, nafasi yake inaenda kwa mwingine.

Nikaahidi miwani kwa darasa zima. Nilienda Musoma kuchukua lenzi za msaada, nikakuta pakiti zimelowa na namba zimefutika. Maana yake zipimwe moja moja. Niliporudi Bunda siku ya nne, nilikuta reli yangu ni ya kijani.

Kijani, ndugu zangu. Mgeni mkubwa alikuwa anakuja, na Bwana Mkuu wa kituo alikuwa ameamuru kila chuma kipakwe rangi: vitanda, geti, ndoo, na meza yangu ya kupimia nuru.

"Mkuu, nani kafanya hivi?" nikamuuliza.

"Ndugu Nyamisi, tutamwonyesha mgeni vyuma vyeusi kama vya mhunzi? Haijapendeza?"

"Na namba ziko wapi?"

"Si hizo hapo? Fundi kaziandika upya, tena zinasomeka kuliko zile za kiwandani."

Fundi mwenyewe alikuwa mwandika mabango wa Nyasura, yule aliyeandika majina ya maduka yote ya mjini. Mkono wake ulikuwa mzuri, siwezi kumnyima haki yake. Nilifoka mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini. Kisha nikachukua wembe nikakwangua rangi pale juu kibao kinapopita, namba za ubavuni nikaziacha, siku mbili nzima, huku nikimlaani Mkuu na ndoo zake za kijani.

Nilipomaliza, Mkuu alikuwa mlangoni. "Nyamisi, miwani iko wapi? Mgeni anataka kuona wazee wameshavaa."

Nikaanza kupima. Lenzi nyingine zilinipa namba za ajabu, zisizokuwepo kwenye orodha yoyote. Nikasema hizi za msaada ni takataka, nikaziweka kando. Zilizokubali nikazitengenezea miwani. Mama macho yake yalihitaji daipta tatu, nikamtafutia iliyosoma tatu, nikampelekea mwenyewe.

"Herufi zinakujaga, halafu zinakimbia," alisema baada ya kujaribu. "Ni mimi tu, mwanangu. Nitazoea."

Siku ya mtihani alishika karatasi karibu na pua. Msimamizi akamwambia aache maigizo. Alianguka mtihani, na wenzake wengi waliovaa miwani yangu walianguka pia.

Wiki moja baadaye ndipo nilipoitoa ile lenzi shahidi kitambaani. Ilisoma sitini badala ya hamsini. Yule mwandika mabango alikuwa ameanza namba zake kwenye ncha ya reli, kama futi ya fundi cherehani, na kila namba ikazidi kumi. Thelathini na tatu ya Mama ilikuwa ishirini na tatu; nilimvisha daipta nne na zaidi. Na zile nilizoziita takataka ndizo zilizokuwa nzima.

Nilimfuata Mkuu nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini mgeni alisifu sana," akasema.

Nilitengeneza miwani mipya, nikaipeleka Butiama. Mama aliivaa, akatazama vidole vyake, akacheka kwa furaha. Nikamwambia nitamwombea nafasi nyingine darasani. Akakataa. "Kusoma kulinikataa, mwanangu." Miwani ile aliitumia miaka yote kuchambua mawe kwenye ulezi. Barua za kaka ziliendelea kwenda kwa karani.

Sasa nimestaafu, na kisa cha reli ya kijani kinajulikana Bunda nzima. Watu huniomba nikisimulie, nami humtukana Mkuu na yule mwandika mabango, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mama naye alikuwa anacheka, alipokuwa hai. Kwenye masimulizi hayo sijawahi kufika asubuhi ile niliyoanza kupima. Nilikuwa na hasira na haraka, nikasema leo nianze tu. Lenzi shahidi ilikuwa kwenye droo, karibu na goti langu la kulia, na droo haikuwa na kufuli.